Kijisu cha Bu Ratmi na Bonde la Bi Saumu

Nyinyi vijana mnaojiandaa kufundisha fasihi, nianze na jambo ambalo hamtaambiwa chuoni: nunueni soksi nzito za sufu. Nimefundisha riwaya na hadithi za Indonesia mjini Saint Paul, huku Marekani, maisha yangu yote ya kazi, na hakuna kilichoniaibisha kama kusimama mbele ya darasa mwezi wa Januari, nikieleza jua la mashamba ya Java huku meno yanagongana. Mwanafunzi hawezi kuliamini jua la mtu anayetetemeka. Soksi kwanza, nadharia baadaye.

Watu wa kwetu hawakuielewa kazi hii. Kwenye arusi za Wakenya huku, mtu huniuliza niko hospitali gani. Nikijibu kwamba siko hospitali, nafundisha hadithi za Indonesia, mazungumzo hukatika hapo hapo, kisha napakuliwa pilau zaidi kwa kuonewa huruma. Siwalaumu. Hata mama yangu kule Vanga, pwani ya Kenya, alikufa akiamini kwamba mimi ni mkalimani wa mabaharia.

Niliipataje kazi yenyewe? Nilikwenda Java nikiwa msichana, kwa ufadhili wa masomo ya ualimu. Siku ya kwanza nikasikia watu wanaulizana kabar, wanasoma kitab, wanaoga kwa sabun, nikajiambia kwamba lugha hii nitaimaliza kabla ya mwezi mwandamo. Jioni nikatumwa chumvi dukani, nikarudi na sukari, nikaungia mchuzi wa samaki wa watu waliokuwa wamenikaribisha. Waliula wote, kimya, kwa adabu. Tangu hapo nikawapenda watu wale, nikaanza kujifunza kwa unyenyekevu, na lugha hiyo ndiyo iliyonileta Saint Paul kufundisha.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana ndio ninaotaka kuwaachia.

Somo langu kubwa lilikuwa mwanamke na ardhi katika hadithi za kule. Wataalamu wanauita usomaji huo ufeministi wa mazingira, jina refu linalowatisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi nililieleza hivi: msome mwanamke na ardhi kwa wakati mmoja, uone kama wanaotendwa ni wawili au ni mmoja. Katika hadithi nyingi za zamani, msitu ni bikira, vilima ni matiti, na msichana wa kijijini ni shamba lenye rutuba. Inasikika kama sifa. Lakini endelea kusoma. Baada ya kurasa chache msitu uliosifiwa umekuja kupimwa na watu wenye kamba na mashine, na msichana aliyesifiwa ameozwa kwa mtu ambaye hakumchagua. Sifa ilikuwa imewatangulia ili wasiulizwe.

Wanafunzi wapya wana tabia ya kupigia mstari maneno mazuri. Ukurasa unaowaka rangi za machweo wanaupaka rangi wote. Waacheni wiki moja, kisha waambieni wafute, wapigie mstari vitendo tu. Nani anachota maji, nani anainama, nani anabeba, halafu nani anasema ndiyo au hapana. Mara nyingi wataona kwamba mwanamke ana vitendo vyote vya mgongo na hana hata kimoja cha mdomo. Hapo darasa hunyamaza vizuri, na mwalimu anaweza kukaa chini apumzishe miguu.

Waandishi wanawake walipokuja wakaligeuza jambo hili kwa njia zao. Wapo waliompa mwanamke mto wa kujificha, au mti wa kujigeuza, na hadithi zao ni tamu na za kutisha. Wapo waliokataa uchawi kabisa. Kuna moja nilipenda kuifundisha, ya mama anayepulizia dawa kwenye mashamba ya michikichi, mtungi mgongoni asubuhi hadi adhuhuri, kucha zimeharibika. Haina ua hata moja. Mwanafunzi mmoja kutoka Maplewood aliniuliza, kwa upole, mazingira yako wapi katika hadithi hii. Nikamwambia ndiyo yale yanayovuja kwenye mtungi yakimchoma ngozi.

Lakini msinidhanie kwamba nilizaliwa nikiyajua haya. Aliyenifundisha kusoma ni Bu Ratmi. Bu ni kama sisi tunavyosema Bi, heshima kwa mwanamke mkubwa. Alikuwa Mjava, mwalimu wa lugha katika idara yetu, mfupi, mcheshi, avaaye ndala na soksi hata theluji inapoanguka. Kwenye droo ya meza yake, kando ya majani ya chai, aliweka kijisu cha kuvunia mpunga kinachoitwa ani-ani. Ni kipande cha ubao kinachoenea kiganjani, chenye wembe mdogo upande mmoja. Mwanamke hukificha mkononi na kukata suke moja moja, kwa sababu wazee wa kule waliamini kwamba roho ya mpunga ni ya kike, na ikiona kisu itaogopa ikimbie na baraka zake.

Nilikuwa mgeni katika idara nilipofundisha mara ya kwanza hadithi yenye uvunaji huo. Nilijipamba siku hiyo, nikamwalika Bu Ratmi akae nyuma ya darasa. Nikasema saa nzima juu ya huruma ya mwanamke kwa mmea, jinsi mikono ya kike inavyoelewana na ardhi kwa maumbile yake. Nilisema kwa hisia mpaka msichana mmoja akatoa leso. Hebu fikirini: mimi, mtoto wa Vanga, niliyekuwa nikisingizia homa kila msimu ili nisipelekwe bondeni kuamia ndege wasile mpunga. Mikono yangu na ardhi havikuwahi kuelewana hata siku moja.

Bu Ratmi alingoja wanafunzi watoke. Akanipeleka ofisini, akachemsha chai, akanitilia kijisu kiganjani.

“Mishi, umesema vizuri,” akaniambia. “Sasa nikwambie mama yangu alikipendea nini. Zamani kila mwanamke aliyefika shambani na ani-ani yake aliruhusiwa kuvuna na kupewa fungu lake la mpunga. Kisha wakaja wafanyabiashara na mundu na kundi la wanaume. Mundu ni wa haraka. Wanawake wakaambiwa warudi nyumbani. Mama yangu aliuheshimu mpunga, ndiyo. Na alikuwa na watoto wa kulisha. Wewe umefundisha nusu ya kwanza.”

Nilikwenda nikairudia hadithi ile. Kumbe yote yalikuwemo. Mwandishi alikuwa ameweka mundu kwenye ukurasa wa tatu, umeegemezwa mlangoni, na mimi nikaupita kama hatukujuana. Tangu siku ile kila chombo kikitajwa katika hadithi mimi husimama nacho: kimetoka wapi, kimemwondoa nani. Fanyeni hivyo nanyi.

Bu Ratmi alistaafu akarudi kwao, akaniachia kijisu na yale majani ya chai. Nilimkumbuka sana siku niliyonunua mpunga-mwitu unaovunwa kwenye maziwa ya kaskazini ya huku, nikaupika kama pilau ya nyumbani. Ukatoka mweusi, mgumu, kama kokoto zenye iliki. Angekuwepo angeula, kimya, kwa adabu.

Niwaambie sasa habari ya Zuhura, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Zuhura alikuwa mwanafunzi wangu mwaka wangu wa mwisho kazini. Alizaliwa huku, wazazi wake ni watu wa pwani yetu, wanakaa Coon Rapids. Mama yake, Bi Riziki, anafanya kazi hospitali. Bibi yake, Bi Saumu, yuko nyumbani, ana bonde la mpunga si mbali na kwetu Vanga, alilorithi kwa baba yake. Alikuwa mzee tayari na alikuwa bado analilima mwenyewe.

Muhula ule tulisoma hadithi ya mjane wa Java mwenye shamba chini ya kilima kilichotakiwa na kiwanda. Mpwa wake anataka auze. Watu wa mjini wanaopigania mazingira wanataka akatae, wanampiga picha, wanamwita mama wa ardhi. Mwisho wa hadithi anaingia kwenye mpunga uliokomaa, haonekani tena. Darasa zima lilitoa leso. Zuhura akaandika insha ndefu, nzuri sana, kwamba bibi yake naye ni hivyo hivyo: mizizi yake imo bondeni, yeye na ardhi ni kitu kimoja, na kumwondoa ni kumuua.

Hakuwa anabuni tu. Mwezi ule ule mjomba wake Athumani, anayeishi Likoni, alikuwa amepata watu wa kulikodi bonde wafugie kamba. Alitaka kumchukua mama yake akae naye, apumzike. Athumani si mtu mbaya, msimfikirie vibaya. Alikuwa amechoka kupigiwa simu kwamba mama ameteleza matopeni. Ila alisema hatafanya lolote mpaka dada yake wa Marekani akubali, na Bi Riziki alikuwa karibu kukubali. Zuhura akampelekea mama yake insha ile aisome, akitumaini itamzuia.

Ikawa vita. Walikuwa wakija pamoja kwa gari hadi Saint Paul, mama akishamshusha binti anakwenda zake kazini. Zuhura aliniambia kwamba njia nzima sasa hawasemezani, redio tu.

Nilikuwa na desturi, na hii nayo ichukueni: mwisho wa muhula wanafunzi wanakuja kwangu Maplewood Jumamosi asubuhi, tunakula, tunamalizia kitabu jikoni. Mtu akiwa na mahamri mkononi hasemi maneno makubwa makubwa. Siku ile, wengine walipokwisha kuondoka, Bi Riziki alikuja kumchukua binti yake. Alikuwa na nguo za kazi bado, macho mekundu. Nikamkaribisha chai. Akakaa, akaitoa simu yake, akanionyesha insha.

“Mwalimu, mimi sikusoma sana,” akasema. “Lakini mtoto wangu ameandika kama mama yangu ni mti. Mama yangu ana magoti.”

“Mum, si hivyo,” Zuhura akasema. “Hiyo ni metaphor. Mimi naandika juu ya dignity yake. Nyinyi na Uncle Athumani mnataka tu kum-move, kama furniture.”

“Dignity gani ya kuanguka kwenye matope peke yake? Mimi nageuza wagonjwa kitandani kila siku, naijua nyonga ikivunjika.”

Wakanitazama mimi, wote wawili, kila mmoja akitaka nimpe haki. Nami niliwaonea huruma kweli kweli, kwa sababu wote walikuwa wanamlilia mtu mmoja. Yule mdogo alikuwa anaogopa kwamba bibi ataishiwa na maana. Yule mkubwa aliogopa asije akapigiwa simu ya msiba akiwa zamu, mbali namna hii, bila hata nauli ya haraka. Na hapo jikoni nikaiona hadithi yetu yote imekaa mezani: mpwa upande mmoja, watu wa mjini upande wa pili, na mjane hayupo.

Nikawauliza yeye mwenyewe amesemaje.

Zuhura akasema bibi anaipenda ile ardhi, kila mtu anajua. Bi Riziki akasema mama amechoka, anaeleweka hata akinyamaza. Nikarudia swali. Amesemaje, kwa mdomo wake? Ndipo ikajulikana kilichotokea. Athumani alikuwa ameongea na dada yake, dada ameongea na binti, binti ameandika insha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza Bi Saumu.

Kule pwani ilikuwa magharibi imekwisha, watu wamekwisha kula. Bi Riziki akapiga, akaiweka simu katikati ya meza, sauti nje. Wakaamkiana, shikamoo na marahaba, wakaulizana hali, nikatambulishwa, nami nikaamkia. Kisha Bi Riziki akaushika ukingo wa meza.

“Mama,” akasema, “juu ya lile bonde. Wewe wataka nini?”

Zuhura akasogeza kichwa karibu na simu.

“Nani kakutuma uniulize?” sauti ikasema.

“Hakuna. Nauliza mimi.”

“Basi nitakwambia. Lile bonde silipendi. Tangu nikiwa mtoto silipendi. Matope, ruba, ndege, na mgongo.” Akavuta pumzi. “Lakini ni langu. Baba alinipa mimi, hakumpa mwingine. Na Likoni siendi, mke wa Athumani aweka redio kutwa. Nataka wengine wainame. Mimi nikae pale juu, niseme maji yaingie lini na yatoke lini. Hilo nalijua, na hilo ndilo nilipendalo.”

Bi Riziki aliziba mdomo kwa kiganja. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani vyote vilikuwamo. Zuhura alikuwa analia waziwazi, kichwa kwenye bega la mama yake, lile bega alilokuwa hasemi nalo garini. Bibi kule akaendelea, kama bomba lililofunguliwa. Alitaka kiti cha plastiki chenye mikono. Alitaka pia buti za mpira, zile ndefu za kufika magotini.

“Za nini, bibi?” Zuhura akauliza. “Si umesema huingii tena?”

“Nisiingie ni hiari yangu. Na nikitaka kuingia, niingie mguu mkavu.”

Buti zilinunuliwa hapa hapa Maplewood, katika duka linalouza vifaa vya wavuvi wa ziwani, zikasafiri na mtu aliyekuwa anakwenda nyumbani. Athumani alinung'unika kidogo, akatafuta wanawake jirani walime kwa kugawana mavuno na mama yake. Watu wa kamba wakaenda kutafuta kwingine. Nilipousikia mpango wa kugawana mavuno nilikwenda kwenye droo, nikakishika kile kijisu cha Bu Ratmi kiganjani kwa muda. Nilitamani sana angekuwa karibu nimwambie kwamba mara hii nimefundisha na nusu ya pili.

Zuhura hakuitupa insha yake. Aliiandika upya, ikawa fupi, na ndani yake bibi ana magoti. Kuhusu yule mjane wa Java aliyeingia kwenye mpunga asionekane tena, aliandika kwamba mwisho ule ni mzuri kuliko anavyostahili msomaji, kwa sababu umemnyamazisha mwanamke mara ya pili na sisi tukalia tukiridhika. Mimi nilikuwa nimeifundisha hadithi ile mara nyingi na sikuwahi kuliona hilo. Nilijivunia mwanafunzi wangu siku hiyo. Ukimwona mwanafunzi anakupita, msogelee karibu umshike mkono, usimwekee mguu.

Msimu wa mavuno ikaja picha. Zuhura aliniletea niione, nilikuwa nimekwisha kustaafu, nimekaa na miguu juu ya hita. Bi Saumu amekaa juu ya tuta, kwenye kiti cha plastiki, leso imefungwa vizuri, buti hadi magotini, safi, hazina tone la tope. Mkono mmoja ameuinua kuelekea mfereji. Chini yake wanawake wameinama na visu vyao vidogo, mpunga ni wa manjano, na mmoja wao anamwangalia akisubiri amri.

Zuhura alitaka kuiweka picha hiyo mwanzoni mwa insha, na alikuwa hajui aandike nini chini yake. Alikuwa na maneno kadhaa mazuri. Akanisomea yote, akaniuliza lipi linafaa.

Nikamwambia anayepaswa kuulizwa si mimi. Akapiga simu palepale. Bibi akasikiliza yale maneno yote mazuri hadi mwisho, kwa subira, kisha akajibu.

“Andika: mwenye bonde.”